Safu ya Mhusika

Wathibiti ubora walikuja Jumanne, watu wanne,
gari lao likakwama kwenye tope chini ya kanisa,
tukalisukuma sisi, walimu na darasa la saba,
kisha tukanawa miguu, tukaingia kukaguliwa.

Huku juu Uru mvua haijui ratiba ya mtu.

Walihesabu kila kitu.
Matundu ya choo: manne, wasichana mia na tisini.
Madawati: yanatosha, ukijumlisha yanayoegemea ukuta.
Maandalio ya somo: yapo.
Ya Mwalimu Ndesario yalikuwa ya mwaka juzi,
tarehe zimekwanguliwa kwa wembe, kwa ustadi
ambao fomu yao haikuwa na mahali pa kuusifu.

Darasani kwangu, la tatu,
mama mwenye miwani ya kamba alimwita Elirehema.
"Nisomee, mwanangu."
Akasoma ukurasa wa kumi na mbili wote,
sungura, kisima, hadi nukta ya mwisho,
hata pale pa kuvuta pumzi akavuta.
Mama akatabasamu. Akafunua wa kumi na tatu.

Mvua ikasikika juu ya bati.
Mvua peke yake.

Nilijua. Hilo ripoti haikuliandika.
Nilijua tangu Machi kwamba mtoto huyu anasoma kwa masikio,
lakini wako sitini na wanane, na yeye hasumbui.

Bahasha ya kaki ilifika baada ya wiki tatu.
Mwalimu mkuu, Mama Aikande, akatumiminia chai ya rangi,
akatandaza jedwali mezani kama kitambaa cha sherehe:
Changamoto. Hatua. Mhusika. Muda. Chanzo cha fedha.

Choo: kamati ya shule, ifikapo Juni,
fedha za wazazi, wakishauza kahawa.
"Kahawa ya mwaka gani?" akauliza Kiwelu wa kamati.
Paa la jiko: mfadhili.
"Yupi?"
"Acha nafasi, atajitokeza."

Kusoma, darasa la tatu:
vipindi vya ziada, asilimia themanini ifikapo Novemba.
Mhusika...
Kalamu zikasimama.
Mmoja akasema wazazi. Mwingine, wilaya.
Mwingine akasema njaa, tukacheka kidogo, tukaacha.
"Andika 'wote'," akasema Ndesario.
Na shuleni kwetu Wote ni mtumishi wa siku nyingi
ambaye hajawahi kuripoti kazini.

Nikavuta karatasi. Nikaandika jina langu,
majina yote matatu, kama benki.

Mchanga ulipanda mlima ndani ya ndoo za watoto.
Saruji ikaja, mifuko kumi na miwili,
tukailaza ofisini isinyeshewe.
Mapumziko nikamketisha Elirehema juu yake, bila kitabu.
"Pameandikwa nini hapo?"
"Saruji," upesi, maana nani asiyejua kilichomo?
"Haya. Nionyeshe *ji*."

Kidole kikatangatanga juu ya karatasi ya mfuko,
kikapita *sa*, kikarudi, kikatua.
"Hii? *Ji* ya jiko?"
"Ya jiko."
"Ya jiwe?"
"Ya jiwe."
Akakaa kimya, vumbi la kijivu puani,
kisha akauliza, kama anayehofia kulipishwa:
"Na ya mji, mwalimu, ni hii hii?"

Novemba ni hii. Choo kina matundu mawili mapya,
milango bado iko kwa fundi, na fundi yuko Himo.
Kwenye asilimia nimeandika hamsini na moja.
Mama Aikande ameitazama namba hiyo muda mrefu,
ameifunika kalamu, hajasema kitu.

Elirehema hayumo kwenye hamsini na moja.
Yupo hapa, dawati la dirishani, ukurasa wa kumi na tatu,
mstari wa nne, amekwama kwenye *ng'ombe*,
anaisukuma ile *ng'* kama gari topeni,
*n*, *nge*, *ngo*,
bega mbele, miguu inateleza.

Neno ninalo mdomoni.
Ninalimeza.
Nimevuta kiti, ninangoja.